Hakuna Nafasi

"Akija, usimfungulie," katibu wa kanisa alinong'ona, kisha akapita haraka kwenda kukaa mbele.

Mshika mlango hakuhitaji kuambiwa. Tangu juzi, aliposikia Korongo ametoka jela, hata chai alikuwa akiiacha mezani. Miaka saba iliyopita, mkesha wa Krismasi, kanisa la zamani liliteketea lote, na Korongo, aliyekuwa mlinzi, alikutwa humo ndani na kiberiti mfukoni. Mahakamani hakujitetea hata kwa neno moja. Sasa karudi, tena sikukuu yenyewe! Jamani, mtu kama huyo anarudi kufanya nini? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Mbona unatetemeka, baba watoto?" mkewe alikuwa amemuuliza asubuhi akimfunga tai. "Mtu mmoja tu, nawe una kanisa zima nyuma yako."

"Humjui yule."

"Nimjue vipi tena? Si ndiye aliyekuwa akiwabeba wanao mabegani?"

Alichukua koti akatoka.

Kila Krismasi yeye ndiye aliyeigiza mwenye nyumba ya wageni. Yusufu na Mariamu, watoto wa kwaya, walikuwa wakitoka kwa mlango wa pembeni, wakizunguka na kuja kubisha mlango mkubwa, naye akiwafokea kutoka ndani: "Hakuna nafasi!" Alisema hivyo kwa sauti nzito ya mtu aliyekatizwa usingizi, na waumini walisubiri kipande hicho mwaka mzima.

Mlango ukabishwa. Mara tatu, polepole.

"Hakuna nafasi!" alinguruma.

Kanisa likaangua kicheko. Ukabishwa tena.

"Nimesema hakuna! Nendeni mkalale zizini!"

Watu wakashika mbavu. Mwalimu wa kwaya peke yake hakucheka. Alikuwa bado amesimama kwenye mlango wa pembeni, na Yusufu na Mariamu wake walikuwa wamemshika sketi, hawajatoka.

Muumini mmoja aligeuka akawaona, akamgusa mwenzake. Kicheko kikafa benchi baada ya benchi.

"Ni mimi," sauti ilisema nje. "Nimekuja kusali."

Katibu alitikisa kichwa kwa nguvu: usithubutu! Kina mama wakawavuta watoto wao karibu. Lakini mshika mlango hakutaka mtu yule aongee tena watu wakisikia. Alifungua kidogo, akapenya nje, akaufunga mlango nyuma yake.

Korongo alikuwa amekonda, shingo ile ndefu imebaki mishipa mitupu. Mkono wa kulia alikuwa ameuzamisha ndani ya koti.

"Toa huo mkono," mshika mlango alisema.

Korongo aliutoa taratibu. Haukuwa na kitu. Vidole vilikuwa vimejikunja vikashikana, na ngozi yote ilikuwa na makovu ya moto.

"Heri ya Krismasi, kaka."

Mshika mlango alitazama nyuma kuhakikisha mlango umefungwa vizuri. Loo, aliogopa mpaka akataka kulia.

"Umekuja kunitaja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ningetaka kukutaja, ningekutaja mahakamani," Korongo alisema. "Usiku ule nilikuona ukiingia na mshumaa. Sikukuona ukitoka, ndiyo maana niliingia motoni."