Kisahani Kilichopotea Logiri

Kisahani cha Candiru kiligonga mti wa kwanza, kikagonga wa pili, kisha kikatumbukia vichakani, mbali kabisa na kikapu cha minyororo alichokuwa amekilenga.

"Pole, Mama," alisema Kasimiro, akatangulia kwenda kukitafuta.

Ilikuwa mara ya sita asubuhi hiyo. Candiru, mkunga mstaafu na mjane, alikuwa amehamia mtaa wa Mvara mwaka huo akitokea mji wa Koboko. Kila Jumamosi alipanda boda hadi Logiri kucheza gofu ya visahani msituni, mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki hadi kiingie kikapuni. Na kila Jumamosi Kasimiro wa Ediofe, mwanajeshi mstaafu aliyefiwa na mkewe, alimsaidia kutafuta kilichopotea.

Ivan, msimamizi wa uwanja, aliwahurumia. Aliwafuata na panga mkononi, akawaeleza mpango wake: Jumatatu angekata miti yote ya katikati na kufyeka vichaka, wazee wapate kurusha moja kwa moja.

Moyo ulimlipuka Candiru. Alimwambia utamu wote wa mchezo uko kwenye miti. Hapa unapindisha kushoto, pale unapenyeza kwenye upenyo mwembamba kama mlango wa choo, na gome likilia "tok!" hata aliyekosa anacheka. Uwanja mtupu ni wa kuanikia mihogo.

"Mama nasema kweli," Kasimiro aliunga mkono kwa sauti ya gwaride. "Kama miti hapana, mchezo iko wapi? Hapana kata."

"Lakini Mzee, nyinyi mnamaliza masaa tatu. Wengine saa moja tu."

"Tunavumilia," alijibu Kasimiro.

Ivan alishusha panga, akaahidi kutogusa hata tawi, akaondoka akitikisa kichwa.

Wakarudi vichakani. Kasimiro alipekuapekua majani kwa fimbo, akasimama mahali pamoja, akaanza kusimulia jinsi alivyowahi kulinda mbuzi wa kanali wiki nzima, akimpigia mbuzi huyo saluti kila asubuhi. Candiru alicheka hadi akashikilia mti. Alipoinama kufuta machozi, aliona ukingo mwekundu wa kisahani chake ukichungulia chini ya buti la Kasimiro.

"Hapa hakuna kabisa," alisema Kasimiro, bila kuinua mguu.

Candiru, aliyebeba kombe la gofu ya visahani la Koboko miaka mitatu mfululizo, alilitazama lile buti, kisha akatazama bondeni.

"Kweli, hakuna," alisema. "Twende tutafute kule mbali."