Barua ya Mwishehe

Kwa mara ya tatu Mwishehe alimnong'oneza mkewe kwamba tumbo linamsokota na afadhali warudi nyumbani. Zubeda hakugeuza hata shingo. Alimwambia avumilie, bado wimbo mmoja.

Tumbo halikuwa na neno. Kilichomsokota Mwishehe ni huo wimbo mmoja.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka wa tisini na tatu, na ukumbi wa Temeke ulikuwa umefurika watu wazima waliovaa suti za mitumba na viatu vya ujana wao. Mtoni Jazz walikuwa wamerudi jukwaani baada ya miaka ishirini na mbili. Mpuliza saksafoni alipuliza ameketi, mpiga tumba alipumzika kila baada ya wimbo, lakini gita la Mzee Fakihi, kiongozi wao, lilikuwa lile lile. Watu walicheza kwa adabu ya wenye magoti mabovu. Zubeda ndiye aliyekuja na kadi mbili za mwaliko, na Mwishehe, kwa hofu yake, hakuuliza hata kazipata wapi.

Mwaka wa sabini na moja Mwishehe alikuwa karani wa bohari kule Kurasini, na alikuwa amekufa ameoza kwa Zubeda, binti wa Buguruni ambaye baba yake hakumruhusu kutoka hata kwenda sokoni. Walionana dirishani tu, yeye barabarani, binti ndani. Maneno ya kumwambia hakuwa nayo. Siku moja alipita mahali Mtoni Jazz walipokuwa wakifanya mazoezi, akasikia wimbo mpya, akasimama nje akaunakili wote kwenye karatasi ya kazini. Wiki ile ile bendi ikasambaratika kwa ugomvi wao wenyewe. Wimbo haukurekodiwa, redioni haukufika. Mwishehe akaona hiyo ni riziki yake. Akaugeuza barua, akatia sahihi chini, akampa Zubeda dirishani.

Nipo dirishani, nasubiri upite. Ukifika kwetu, usibishe hodi.

Zubeda alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alimuuliza kama kweli katunga mwenyewe. Mwishehe akaapa. Akamuuliza tena, sasa aliye dirishani ni nani, yeye Zubeda au huyo aliyesimama barabarani? Mwishehe, akitokwa na jasho, akasema dirisha lenyewe ni la moyoni. Zubeda akacheka upya, kisha akamwambia alete mshenga.

Tangu siku hiyo uongo ule ulikula naye sahani moja. Zubeda aliilaza barua sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Aliwasomea watoto. Siku ya kumwoza Najma, binti yao mkubwa, aliisoma mbele ya wakwe, na mtaa mzima wa Tandika ukaanza kumwita Mwishehe malenga. Watu walipokuja kuomba beti za harusi, aliugua ghafla. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mara nyingi alikata shauri amwambie mkewe ukweli, na kila mara akauchuna, maana mwanamke yule alikuwa amekubali kuolewa kwa maneno ambayo si ya Mwishehe.

Sasa Mzee Fakihi alisogelea maikrofoni. Alisema upo wimbo walioupiga mazoezini tu, ukazikwa na ugomvi wao, na leo wanaufufua. Gita likaanza taratibu. Mwishehe aliutambua papo hapo.

"Mama Najma," alisema, "yale maneno ya barua si yangu. Niliyaiba. Kwa hawa hawa."

Akasubiri aambiwe aende zake. Zubeda alimtazama, macho yamemlowa. Kisha akamshika mkono.

"Umechelewa sana, baba Najma," alisema. "Lakini umesema."

Mwishehe alishindwa kujua kama amesamehewa au amehukumiwa. Jukwaani Mzee Fakihi akainua mkono, gita likashuka sauti. Alisema maneno ya wimbo huu si yao, wao waliletewa tu kwenye karatasi na mtoto aliyetumwa, na aliyeyatunga aliwaapisha wasimtaje. Leo amekubali kupanda jukwaani, naye yumo humu ukumbini. Watu wakaanza kugeuka huku na huku. Mwishehe naye akanyoosha shingo, aibu imemjaa, amwone huyo mwenye maneno apate kumwomba radhi.

Zubeda akamwekea pochi mapajani, akamwambia amshikie, akainuka kuelekea jukwaani.