Dawa ya Kicheche

Ugonjwa wa mdondo ulipoingia kwa kuku, Kicheche aliwaletea maji ya majivu akisema yanaponya. Wote walishukuru isipokuwa jirani yao Kanga, aliyeuliza, "Kaka, nitajie mmoja tu aliyepona."

"Wamepona wengi ng'ambo ya mto," Kicheche alijibu.

Kanga akavuka mto kwenda kuwaona. Alikuta manyoya tu. Alirudi mbio akilia, "Jamani, msiwape watoto! Kule hakubaki hata mmoja."

"Una wivu tu," walimwambia, wakawanywesha vifaranga wao.

Siku ya tatu vifaranga wote walikufa. Mama zao wakamvamia Kanga.

"Dawa ilikuwa nzuri. Umeiharibu wewe kwa mdomo wako!"

Wakamfukuza. Kicheche akajitolea kuwazika vifaranga, nao wakamshukuru kwa machozi.