Kofia ya Shekuwe

Zama hizo kila raia alikuwa na fungu lake la matibabu la mwaka, na la wazee lilizidi kupunguzwa. Kumpa mtu fungu lako kulikuwa rahisi: unaweka kiganja juu ya kitambaa chake cha kupokelea, basi, limehama.

Bi Mwanahalima, mshona kofia, alikwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Muuguzi akampima kiganja.

"Mama, fungu lako ulishampa mwanao. Siku ya Idi."

"Nimpe vipi? Idi nilimwekea mkono kichwani tu, nikamwombea dua."

Hapo akaikumbuka kofia aliyoivaa mwanawe Shekuwe siku ile. Kofia ile aliishona yeye mwenyewe, na kitambaa cha ndani alikileta Shekuwe. "Nishonee na hiki, mama, kinazuia jasho."

Jioni Shekuwe alikuja, na kipara chake kimeshapandikizwa nywele. Alipoulizwa, wala hakukana.

"Fungu lenyewe lilikuwa dogo, mama. Lisingetosha hata jicho moja."

"Muuguzi amesema lingetosha yote mawili."

Shekuwe akakohoa. Kesho yake alikuwa na safari, na katika nyumba ile hakusafiri mtu bila dua ya mama. Akavua kofia, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

Bi Mwanahalima alimwona kama kivuli tu. Akanyoosha mkono. Lakini kabla ya dua, vidole vyake vilipapasa kwanza, taratibu, katikati ya nywele zile mpya, vikitafuta kitambaa.