Landrova ya Kumpokea Mkubwa

Fundi Shomvi alipunguza vyuma viwili kwenye kila springi ya Landrova kuukuu ya Mzee Ngaluma, akafunga na shokapu za mtumba. Gari sasa lilinesa kama godoro. Wagonjwa waliopelekwa hospitali kwa gari hilo wasingerushwa tena mashimoni, kama alivyorushwa mke wa Mzee Ngaluma mpaka akakata roho kabla ya kufika hospitali.

Hawajanawa hata mikono, diwani akatokea kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee wangu. Langu limekatika springi. Niazime hili kesho, nimpokee mkubwa wa barabara."

"Marahaba. Anakuja kuitengeneza?"

"Anakuja kuizindua. Kwenye makaratasi imeshatengenezwa."

Mzee Ngaluma aliitazama Landrova yake. Wenye vyeo wanakula fedha ya kifusi cha barabara, wanakijiji wanazika.

"Lichukue," alisema. "Bure."

Diwani alipoondoka akishukuru, mzee akamgeukia fundi.

"Rudisha vyuma vyote. Shokapu toa."

"Mzee, utamvunja mtu mgongo."

"Kwani mke wangu hakuwa na mgongo?"

Shomvi akajilaza tena chini ya gari. Mzee Ngaluma akang'oa mto wa kiti cha mgeni, kisha akakalia chuma kitupu, kujaribu.