Tiketi ya Sita

"Hela zimeishia kwenye tiketi ya tano," Yunisi alisema, akafunga daftari.

Filipo, mume wake, alimtazama mama yake. Mama naye akautazama mkeka. Alute, mdogo wake Filipo, aliacha kuchokonoa redio.

"Ya sita ni ya nani?" Filipo aliuliza.

"Yangu."

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Yunisi. Tangu Filipo apunguzwe kazini mwaka wa tisini na mbili, familia nzima iliishi kwa nguo za mitumba ambazo mke wake alizitandaza juu ya turubai pale sokoni Itigi. Hakuna aliyetegemea kusikia neno likizo kutoka kwa muuza mitumba. Yeye alilitamka, kisha akalifanyia hesabu. Wangeenda Mwanza wiki mbili, shule zikifungwa. Wangelala kwa Mathayo, kaka yake Filipo, wasilipe gesti. Treni daraja la tatu. Chakula cha njiani wangebeba: mihogo, karanga, kuku wawili wa kukaanga. Wangechukua madumu mawili ya asali, moja zawadi, jingine la kuuza huko huko ili ipatikane nauli ya kurudi. Na watoto wangeliona ziwa.

"Shemeji, wewe ungekuwa serikalini," Alute alimwambia.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na Yunisi alikuwa ameishi humo miaka kumi na mitatu. Maji ya kuoga ya mama mkwe aliyachemsha yeye. Shati la Alute alilipiga pasi yeye. Filipo alishinda nyumbani kutwa, lakini chumvi isipoonekana alimtuma binti yao Jenifa mpaka sokoni akamuulize mama yake iko wapi. Yunisi akiingia chooni, kabla hajachuchumaa, alisikia nje ya ukuta wa matete, "Mama Jenifa, uko humo?" Jumapili moja alikaa peke yake kanisani baada ya ibada, dakika kumi hivi, mpaka Eliya, mtoto wake mdogo, akaja kumwambia bibi anauliza kama leo hatuli.

Kesho yake Filipo alikuja na jibu.

"Tuuze yule mbuzi. Nauli yako ipatikane."

"Ana mimba, Baba Jenifa. Tukimuuza sasa tunauza wawili kwa bei ya mmoja."

Filipo alikuna kichwa. Hesabu hazikuwa fani yake.

Sokoni, jirani yake wa biashara, Stumai, alimwita pembeni na kumfungulia fundo la khanga.

"Dada, mchezo wetu wa upatu umenifikia wiki hii. Chukua, utanirudishia taratibu. Usiwaache waende bila wewe."

Yunisi aliyakunja yale manoti ndani ya kiganja cha mwenzake, akakifunga.

"Mungu akubariki, mdogo wangu. Ila nikiondoka wiki mbili, wateja watahamia kwingine. Tukirudi tutakula nini?"

Stumai aligeuka akajifuta macho. Mpaka jioni soko zima lilikuwa limepata habari za mama anayewapeleka watu wake matembezi na yeye mwenyewe anabaki.

Siku ya safari treni ilichelewa saa tatu. Ilipoanza kusikika upande wa Manyoni, watu wakiinua mizigo, mama mkwe aliketi chini juu ya gunia la mihogo.

"Mimi siendi," alisema. "Siwezi kumwacha mkwe wangu kama mjane. Nitabaki naye."

Yunisi alipiga magoti mbele ya yule mama, hapo hapo kwenye vumbi.

"Mama, Mathayo anakungoja. Usipofika atasema mimi ndiye niliyekuzuia. Nionee huruma, mama. Nenda."

Bibi alimwangalia muda mrefu, akamshika kichwa kama anayembariki, kisha akainuka. Alute akampandisha behewani pamoja na watoto.

Filipo akabaki chini. Treni ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza alipoichomoa tiketi yake mfukoni na kumtia mkewe mkononi.

"Nenda wewe. Umeteseka sana, Mama Jenifa. Mimi ndiye ninayefaa kubaki."

Yunisi aliitazama ile tiketi.

"Hamjaonana na kaka yako tangu msiba wa baba," alisema. "Panda, Baba Jenifa. Tafadhali, panda."

Alimrudishia tiketi, akamsukuma mgongoni kwa mikono yote miwili. Filipo alipanda huku analia bila kuficha. "Sitakusahau kwa hili," alisema kutoka dirishani.

Treni ilipoondoka Yunisi alikimbia sambamba nayo, akipunga mkono mpaka jukwaa likaisha. Hapo alisimama, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Stumai, aliyekuwa amekuja kuwaaga, alimfikia, akamkumbatia.

"Pole, dada. Siku kumi na nne si nyingi."

"Si nyingi," Yunisi alikubali.

Alikataa kusindikizwa. Alitembea mpaka nyumbani, akaingia, akatia komeo mlangoni ingawa jua lilikuwa bado liko juu. Alivua viatu. Alikaanga mayai mawili, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akayala yote mawili, polepole, akiwa amenyoosha miguu juu ya meza.

Mwaka mzima alikuwa amedunduliza kwa ajili ya likizo hii. Ilimgharimu nauli za watu watano.