Kichuguu cha Ecweru

Funza mweupe alichungulia kutoka chini ya kofia ya uyoga, akajikunja, akaangukia kidole cha Among. Among alikipangusa kwenye nyasi mara tatu na bado alihisi kimelowa. Akaisogeza simu karibu, akapiga picha.

"Piga tena," Damalie alisema nyuma yake. "Hii ndiyo ile. Hii ndiyo iliua baba yako mudogo."

Kichuguu kilikuwa nyuma ya migomba, hatua chache tu kutoka jikoni kwa Damalie, huko Molo ya Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Aprili ya mwaka jana mumewe Ecweru alikula uyoga wa hapo kwa mchuzi wa karanga. Jioni tumbo likamshika, na kulipokucha alikuwa maiti. Damalie alipona kwa sababu siku ile alikuwa amefunga. Ni mtu wa maombi. Tangu msiba huo hakuna mtu wa ukoo aliyethubutu kuchuma pale. Lakini mvua ziliporudi, uyoga nao ulirudi palepale, mweupe, umenona, hauna hata haya.

Among aliuchukia kwa moyo wake wote. Alizaliwa na kukulia Tororo mjini, hakuwahi kuupenda, na baada ya kumzika baba yake mdogo hata kuutaja kulimtia kichefuchefu. Wenzake wa chuo kule Busitema walimcheka alipochagua kupiga picha za uyoga wa porini kwa kazi yake ya mwisho. Wacheke tu. Yeye alitaka sura ya uyoga huu mmoja iwe katikati ya bango la onyo, na jina lake chini, libandikwe kila shule na kila zahanati, ili pasiwe na nyumba nyingine ya kulia kama yao. Ecweru ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Hilo peke yake lilitosha.

Mwalimu wake, Oboth, alikuwa na masharti. Picha ya juu, picha ya chini, picha ya shina lote na rula pembeni. Harufu iandikwe. Na hakuna uyoga utakaoingia kwenye bango kabla yeye mwenyewe hajautambua.

Among alichimba kwa kisu. Shina halikuishia ardhini. Lilishuka ndani ya kichuguu, refu, jembamba, kama mkia wa panya. Ute ukamganda kwenye kucha. Alifumba macho, akaunusa, akaandika kwa hasira: unga mbichi.

"Mama, siku ile hukuutilia shaka?"

"Mimi ni mtu ya Majanji, ziwani, mtoto yangu. Kwetu ni samaki. Hii vitu ya kichuguu mimi najulia wapi? Nilikuta imeota, nikapika." Damalie alitema mate kando. "Na yeye siku hiyo alitoka kulala Busia ya Kenya, kama kawaida yake. Alikuja na njaa."

Mambo ya Ecweru na mwanamke wake wa Busia ya Kenya yalijulikana, na marehemu hasemwi. Among alichagua picha nne, akazituma. Simu ilizungusha kiduara chake, kikagoma.

"Mwalimu ameona?" Damalie aliuliza.

"Bado. Hapa hakuna mtandao. Zitakwenda nikifika barabarani."

"Na akiona atajua nini?"

"Kila kitu. Jina lake, sumu yake, na inavyoua."

Damalie aliutazama ule uyoga kwa muda, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Kisha akajifunga kanga vizuri.

"Basi utakula kwanza. Nakwenda pika."

Among alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, mara mbili, na bado akainusa mikono yake. Alipoletewa ugali wa wimbi na bakuli la mchuzi wa karanga, mzito, wa rangi ya udongo, alirudi nyuma kidogo.

"Si uyoga, mama?"

Damalie alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ni ngege. Si unaona miiba?"

Kweli ulikuwa mchuzi wa samaki. Among alishukuru kimoyomoyo, akamega, akachovya, akala. Mchuzi ulikuwa na uchungu kidogo, lakini tangu asubuhi kila kitu kilikuwa na ladha ya kile kichuguu. Akaendelea kula. Alikuwa na njaa, na mtu hakatai chakula cha mjane.

Simu ikalia kwenye mkeka. Ulikuwa ujumbe wa kumkaribisha Kenya. Simu za huku zina tabia hiyo. Ukikaa vibaya zinadaka mtandao wa Kenya, zinavuka mpaka zenyewe na kukuacha ulipo. Kumbe picha nazo zilikuwa zimeshavuka, maana mara ikalia tena, na safari hii alikuwa Oboth.

"Among, unanitania? Huu ndio ule wa kichuguu tunaokula nyumbani kila Aprili. Mama yangu anauuza sokoni. Hauna sumu hata chembe. Nitafutie ule uliomuua baba yako mdogo."

Aliusoma mara mbili. Bakuli lilikuwa limebaki nusu.

Alipoinua macho, Damalie alikuwa ameketi mbele yake, miguu ameikunja, mikono mapajani. Hakuwa amenawa.

"Maliza, mtoto yangu," alisema kwa upole. "Mimi leo nafunga."